Mashuka ya Saa Nane Mchana

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Ni Jumatatu ya kwanza ya Julai, saa tano asubuhi, jua la Montecorvaro limeshaanza kuuma mabega, na kwenye ua wa shule ya lugha anaingia mwanamke wa miaka sitini na nne, mfupi, mnene wa kiasi, amevaa viatu vya kanisani na gauni la buluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata jibini. Mkononi ana kipande cha boksi alichokiandika kwa kalamu nene: HADLEY. Amekiinua juu ya kichwa kama mtu anayepokea wageni uwanja wa ndege, ingawa uani pale wamebaki watu watano tu, na msichana wa kigeni ambaye hajachukuliwa na mwenyeji ni mmoja.

Huyo ndiye Ersilia Bartoccini wa Kichochoro cha Kisima. Ukiniuliza kwa nini kajipamba hivyo kumpokea mwanafunzi wa wiki sita, nitakwambia kwamba alikuwa anakwenda vitani.

Kila kiangazi shule ile huleta vijana kutoka ng'ambo, Wamarekani hasa. Asubuhi wanafundishwa Kiitaliano, kabla ya chakula cha mchana wanafundishwa mila zetu, na alasiri wanatoka na karatasi kubwa kwenda kuchora majengo ya kale. Mji wetu hauna bahari wala kiwanda. Una mawe, na kumbe yapo mataifa ambayo watu wake hupanda ndege kwenda kuyatazama mawe. Wenye nyumba kubwa huwapa vijana hao chumba na chakula. Ersilia alianza kupokea wanafunzi kiangazi kilichofuata kifo cha mumewe, Ivo. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ya ghorofa mbili yenye mtu mmoja hutoa sauti zake, na Ersilia alikuwa amechoka kuzisikiliza.

Wanafunzi wanne walikuwa wamepita kwake. Wote aliwalisha wakanenepa, na nguo zao aliwafulia na kuzipiga pasi kama alivyozoea kwa miaka thelathini na moja katika chumba cha pasi cha hoteli ya pale stesheni. Na wote wanne, mmoja baada ya mwingine, walimponyoka wakaangukia upande wa pili wa kichochoro, kwa wifi yake Norma.

Norma ni dada wa Ivo. Hakuolewa, maisha yake yote alikaa nyuma ya dirisha la posta akiuza stempu na kuwatania wateja. Nyumba yake ni fupi, jikoni na chumba kimoja juu ya zizi la zamani la punda, haina hata pa kulaza paka mgeni. Kwa hiyo Norma hapokei mwanafunzi wala hajawahi kuomba. Kazi yake ni kukaa dirishani na kucheka tu. Kicheko chake hicho kinasikika mpaka kwenye kinu cha mafuta ya zeituni, na vijana wa watu hukifuata kama nyuki wanavyofuata ua. Yule kijana mrefu wa Oregon, ambaye Ersilia alimuuguza homa siku nne mfululizo, kila Krismasi anatuma kadi. Anamtumia Norma. Ndani ya kadi, kwenye mstari wa mwisho kabisa, huandika: "Na umsalimie Bi Ersilia."

Umsalimie! Norma humpa salamu hizo kupitia kwa mwoka mikate, maana wao wawili hawasemi.

Kutosemezana kulianza miaka tisa iliyopita, siku walipofungua kabati la mama mkwe. Bi Assunta alikaa kitandani miaka minne, na kwa miaka hiyo minne aliyemwosha, aliyemgeuza na aliyemlisha uji ni Ersilia. Alipokufa, kikapatikana kikaratasi: kitanda kwa Ivo, saa ya ukutani kwa Ivo, na ubao wa kusukumia tambi kwa Norma. Ersilia hakuwa na shida na saa wala kitanda. Ule ubao ndio uliomchoma. Ulikuwa ubao mpana kama mlango, wa mti wa mlimau, umesuguliwa na mikono ya wanawake wanne wa ukoo ule mpaka umekuwa laini kama shavu. Kwetu ubao wa tambi ndio cheo. Mwanamke aliyeachiwa ubao ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye nyumba. Na Norma, ambaye tambi zake zilikuwa zikikatika sufuriani, akaubeba ubao kichwani akavuka nao kichochoro hatua tatu, anacheka.

Basi Ersilia alipomtazama Hadley uani pale, msichana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Minnesota, mabega mapana ya muogeleaji, madoadoa usoni, na mrija mrefu wa kuwekea karatasi umening'inia mgongoni kama bunduki ya mwindaji, alisema moyoni: huyu haendi. Huyu ni wangu mpaka siku ya kuondoka.

"Ulimi wangu haulipati jina lako, mwanangu," alimwambia njiani. "Nitakuita Adelina. Nilikuwa na shangazi Adelina, mtu mwema sana."

"Adelina ni zuri," msichana akajibu kwa Kiitaliano cha kuchechemea. "Asante, Bi Ersilia."

Walipofika nyumbani msichana hakuingia. Alisimama kichochoroni, shingo ameikunja nyuma, kisha akapiga magoti mbele ya ukuta. Pembeni mwa mlango mkubwa wa nyumba ile kuna mlango mwingine mwembamba, umeinuliwa kutoka barabarani kiasi cha goti, na umezibwa kwa mawe tangu enzi ambazo hakuna anayezijua. Nyumba kadhaa za kale mjini kwetu zinao. Watu wazima huuita mlango wa maiti, wakisema ulifunguliwa kwa jeneza tu kisha ukazibwa tena. Mwalimu Ottaviani wa shuleni anasema huo ni uongo mtupu, kwamba ndio uliokuwa mlango wa kupandia ghorofani, na ngazi ya mbao ilivutwa juu usiku. Lakini mwalimu hakuzaliwa Kichochoro cha Kisima. Ersilia aliuonea aibu mlango ule tangu alipoingia pale akiwa bibi harusi, maana siku ile ile Norma, kijana wa miaka ishirini, alimnong'oneza: "Wifi, umeingia kwa huu mkubwa. Utatokea kwa huo mdogo."

"Hapo hapana kitu," Ersilia akamwambia msichana, akausogeza mtungi wa maua ufunike. "Ingia, supu inapoa."

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za asali. Adelina alikula kila alichopewa, akajifunza kuukubali mkate wetu usio na chumvi, akakaa jikoni jioni akisoma vitenzi kwa sauti huku Ersilia akikunja nguo na kumsahihisha. Siku moja alipitiwa na usingizi mezani, shavu juu ya daftari, na Ersilia alikaa kimya saa nzima, hata kikombe hakukitoa, asije akamwamsha.

Wiki ya tatu ukaonekana unga.

Ulikuwa kwenye kiwiko cha kulia cha shati jeusi. Ersilia aliuona wakati wa kufua, akaugusa kwa kidole, akauonja. Unga wa ngano laini. Wa kusukumia tambi. Nyumbani kwake hawakuwa wamesukuma tambi tangu Jumapili.

"Leo ulichora wapi, mwanangu?" akauliza jioni, sauti ameilainisha.

Msichana akawa mwekundu mpaka masikioni. "Huko... mjini. Mawe."

Kesho yake unga ulikuwa kwenye viwiko vyote viwili. Ersilia aligeuza kola, akanusa mikono ya shati, akakagua mifuko, kama mke anayekagua koti la mume mwenye safari nyingi. Mfukoni akakuta kokwa la pichi. Pichi kichochoroni pale analo mtu mmoja tu, mti wake uko nyuma ya zizi la punda.

Siku ya tatu hakula mchana. Alisimama nyuma ya mabao ya dirisha lake, akayafungua upana wa kidole, akangoja. Saa nane na robo msichana alipita chini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia kwa Norma. Dakika moja baadaye nywele zake zikaonekana jikoni ng'ambo. Dirisha la Norma linatazamana na nyumba ya Ersilia uso kwa uso. Hatua tatu, hata kikohozi kinavuka. Norma akakaa upande huu wa meza, msichana upande ule, na katikati yao, akauona, ubao. Ubao wa Bi Assunta. Vichwa viwili vikainama juu yake. Kila mara msichana aliinua macho akaitazama nyumba ya Ersilia, akainama. Norma naye akageuka, akaitazama, akasema neno. Kisha kile kicheko.

Ersilia alifunga mabao ya dirisha taratibu. Roho ilimuuma mpaka akakaa kitandani. Yaani anafundishwa tambi, tena na mtu asiyejua tambi, juu ya ubao ule, na huku wananisema! Wanainama, wananitazama, wanacheka. Mimi namfulia shati, yeye analichafua kwa wifi. Na pichi kalishwa.

Sasa, Kichochoro cha Kisima kina sheria yake, haijaandikwa popote. Jua la mchana hupita juu ya paa fupi la Norma na kuupiga ukuta mrefu wa Ersilia moja kwa moja. Kwa hiyo nguo nyeupe huanikwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana zinaanuliwa. Mchana hapaanikwi kitu cheupe upande wa jua, kwa sababu weupe ule hurudisha mwanga wote kwenye dirisha la jirani, na jirani atalazimika kufunga mabao akae gizani kama yuko ndani ya pipa. Rangi anika utakavyo. Nyeupe, hapana. Hata wanawake waliowahi kutupiana sufuria kichochoroni pale waliiheshimu sheria hiyo.

Ersilia alivumilia mpaka wiki ya tano, kisha akalifungua sanduku la mashuka yake ya harusi.

Yalikuwa sita, ya kitani kizito, mama yake aliyadarizi pembeni herufi mbili, jina lake la usichanani. Alikuwa ameyatandika mara tatu katika maisha yake. Aliyalowesha ili yaonekane yamefuliwa, na saa nane kamili mchana akayatundika moja baada ya jingine kwenye kamba iendayo chini ya madirisha yake, yakateremka ukutani mpaka karibu na ardhi, yameshikana bega kwa bega. Jua likayapiga. Kichochoro kikawaka kama kimewashiwa taa za uwanja wa mpira.

"Afunge dirisha sasa," Ersilia akasema peke yake. "Akae gizani na ubao wake. Mtoto atarudi nyumbani."

Norma hakufunga.

Siku ya pili hakufunga. Siku ya tatu Ersilia aliyanyoosha kwa mvuke yawe meupe zaidi. Hakufunga. Ersilia alianika Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alianika hata Jumapili, akasikia watu waliotoka misani wakinyamaza walipofika chini ya mashuka yake, na aibu ikampanda, lakini wivu ulikuwa umetangulia kupanda na ulikuwa umeshika nafasi. Aliyaacha yakining'inia mpaka giza liingie. Na kila siku msichana alirudi ana unga viwikoni, macho mekundu, amechoka, haongei sana. Ersilia aliona uchovu ule na akautafsiri alivyotaka: ameanza kuniona mzigo. Alimwekea supu, akakaa mbali.

Usiku wa nane msichana alifungua mdomo. "Bi Ersilia, mashuka yale..."

"Mashuka yamefanyaje?"

"Hapana. Ni mazuri. Yamedariziwa vizuri."

"Ni ya harusi yangu," Ersilia akasema, akaenda kulala na kidonda chake.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, siku ya tisa ya mashuka, Ersilia alikwenda kununua mkate. Loredana, mwoka mikate, hana kipimo katika maneno kama alivyo nacho katika unga.

"Dada Ersilia, hongera!"

"Hongera ya nini tena?"

"Ya umeme. Nasikia Kisima sasa mna majua mawili, la Mungu na la kwako. Jirani yenu Baba Tullio anasema kuku wake wameacha kulala."

"Nguo lazima zikauke, Loredana."

"Zikauke siku tisa? Hizo si nguo, ni samaki wa kukaushwa." Loredana akaegemea kaunta, akashusha sauti. "Ila utani kando, dada. Binti yako kapita hapa asubuhi analia. Mwalimu Ottaviani kamwambia leo saa kumi na mbili jioni ndio mwisho. Mchoro usipokamilika, Jumamosi haupandi ukutani na cheti hapati. Majira yote kayapoteza bure."

Kila mwaka Jumamosi ya mwisho michoro hubandikwa chini ya matao ya ukumbi wa mji, nasi sote huenda kuitazama. Kila mchoro ni nyumba moja, jiwe kwa jiwe. Chini yake huandikwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba husimama pembeni amevaa vizuri, akipewa mkono. Katika viangazi vitano hakuna aliyewahi kuchora nyumba ya Ersilia.

"Anachora nyumba ya nani?" Ersilia akauliza.

"He! Unalala naye nyumba moja, mimi nauza mikate, halafu unaniuliza mimi?"

Ersilia alitembea kurudi nyumbani na mkate umemvunjikia kwapani. Sasa mambo yote yalikaa sawa kichwani mwake. Anachora zizi la punda. Nyumba ya Norma ndiyo itakayopanda ukutani, na Norma ndiye atakayepewa mkono. Tena hata kuimaliza hajaimaliza, kwa sababu Norma anamshikilia kwenye matambi na vicheko mpaka mtoto wa watu anakosa cheti!

Saa nane akaanika mashuka, maana mkono ulishazoea. Kisha akavua aproni, akavuka hatua tatu ambazo hakuwa amezivuka kwa miaka tisa, akapanda ngazi za Norma bila kubisha.

Alichokikuta jikoni mle hakukitarajia. Norma na msichana walikuwa wamekaa mezani, kila mmoja amevaa miwani ya jua. Miwani ya Norma ilikuwa mikubwa, ya fremu nyekundu, ya miaka ambayo posta ilikuwa bado na foleni. Ukuta, sufuria, mtungi wa maji, kila kitu mle ndani kilikuwa kinameremeta kwa weupe.

"Karibu, wifi," Norma akasema bila kusimama. "Kwenye ndoano hapo kuna miwani ya tatu. Ivae, usije ukapofuka kwa mambo yako mwenyewe."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kumchukua mtoto. Umemfundisha tambi, umemlisha mapichi, sasa anakosa cheti. Umeridhika?"

"Tambi gani?"

"Unga huo viwikoni ni wa kupaka uso?"

Msichana aliruka, akajaribu kufunika meza kwa mikono yote miwili. "Bi Ersilia, usitazame! Bado! Ilikuwa iwe zawadi!"

Alikuwa amechelewa. Ersilia alikuwa ameuona ubao, na juu ya ubao karatasi kubwa imebanwa kwa pini za nguo pembe zote nne, na unga wa miaka mingi, ambao hautoki kwenye nyufa za mlimau hata usugue vipi, umetapakaa pembeni. Ersilia aliusugua ubao ule miaka minne, anazijua nyufa zake. Kwenye karatasi palikuwa na nyumba. Nyumba ndefu, ya heshima, mawe yake yamepangika, madirisha yake mawili ya juu yana matao ambayo hajapata kuyaona.

"Hii ni nyumba ya nani?" akauliza.

Norma akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya vitunguu wiki nzima. "Yako, mama wee. Ya nani tena?"

Ersilia alikuwa ameingia nyumba ile akiwa na miaka ishirini na tatu na hajawahi kuiona uso. Kichochoro ni chembamba. Ukisimama chini unaona kidevu tu. Mahali pekee duniani pa kuitazama nyumba ya Ersilia ni dirisha la jikoni kwa Norma.

Juu ilikuwa imekamilika, paa, bomba la mvua, hata kiota cha mbayuwayu. Lakini chini, kuanzia kwenye kamba, palikuwa patupu. Karatasi nyeupe. Na mahali pa mlango wa maiti hapakuwa na hata mstari.

"Mwalimu anataka tuchore saa zile zile, vivuli vile vile," msichana akasema, na machozi yakaanza. "Kuanzia saa nane. Kupiga picha haturuhusiwi. Niliacha chini mwisho kwa sababu ule mlango ndio nilioutaka kuliko vyote. Ndiyo maana niliichagua nyumba yako."

"Si ungeniambia niyatoe!"

"Nilidhani ni desturi. Kwenye somo la mila walituambia tusiingilie mambo ya watu ya kufua."

Ersilia akamgeukia wifi yake. "Na wewe? Siku tisa! Ungefunga dirisha."

"Nikifunga, aionaje nyumba yako?" Norma akasema. "Nimepika na miwani. Nimesali na miwani. Posho ya macho utanilipa."

"Ungenipigia hata kelele."

"Kwa kinywa gani? Miaka tisa unanisalimia kwa mgongo. Nikasema ngoja nione, atachoka lini? Kumbe huchoki! Shetani mwenyewe angeanua Jumapili."

Na hapo, kwa bahati mbaya, Norma alicheka. Msichana naye akacheka kidogo katikati ya machozi, akasema, "Shangazi, usimtanie."

Shangazi. Ersilia alilisikia neno hilo likaingia kama sindano. Wiki sita za supu yeye ni Bi Ersilia. Hatua tatu kutoka hapo kuna shangazi. Akayaelekeza macho kwenye karatasi ili asionekane uso, na ndipo alipoona maandishi chini, yameshapigwa wino mweusi kwa herufi nzuri za kunyooka: *Nyumba ya Ersilia Bartoccini, kama inavyoonekana kutoka jikoni kwa Norma Bartoccini.*

"Hilo jina la pili," akasema polepole, "linafanya nini hapo?"

"Ni sheria ya mwalimu," msichana akajibu akifuta pua. "Lazima tuandike tulichora tukiwa wapi. Bila hivyo mchoro haupokelewi."

Norma aliinamisha kichwa akaanza kumenya pichi kwa uangalifu mkubwa, ila Ersilia alimjua. Alikuwa anakibana kicheko mashavuni.

"Ni saa nane na nusu," Ersilia akasema. "Nakwenda kuanua."

Alishuka, akavuka, akapanda kwake. Mikono yake ilijua kazi. Alivuta kamba, shuka la kwanza likaingia, akalikunja mara nne juu ya kitanda. La pili, la tatu. Kila lilipotoka moja, kipande cha ukuta kilizaliwa nje, na ng'ambo aliusikia mkwaruzo wa penseli ukikimbia. La nne. La tano. Likabaki la mwisho, herufi za jina lake la usichanani zikionekana pembeni, na nyuma yake mlango wa maiti.

Akasimama dirishani, kamba mkononi, akatazama ng'ambo. Walikuwa wamevua miwani. Vichwa viwili vimeinama juu ya ubao wa Bi Assunta, na kwa kuwa mikono ya msichana ilikuwa myeusi kwa risasi ya penseli, Norma alikuwa anamlisha pichi kipande kwa kipande, na msichana akifungua mdomo bila kuinua macho, kama kinda. Hakuna aliyewahi kufungua mdomo hivyo mbele ya Ersilia isipokuwa Bi Assunta, na tazama malipo yake.

Akafikiria matao ya ukumbi wa mji. Nyumba yake ukutani hatimaye, watu wamejaa, Loredana na unga wake, Baba Tullio na kuku wake. Wanampa mkono. Kisha wanainama kusoma chini, wanainuka, wanamtafuta kwa macho mtu wa pili wa kumpa mkono, na yule yuko karibu, hayuko mbali, anacheka. Na mlango mwembamba uko pale katikati, jiwe kwa jiwe, mji mzima unautazama. Utatokea kwa huo mdogo, wifi.

Na bila shuka hili kutoka, karatasi haipokelewi. Jina halipandi. Na mtoto anarudi Minnesota mikono mitupu.

"Bi Ersilia!" msichana akaita kutoka ng'ambo, sauti ina furaha, mara ya kwanza kwa siku tisa. "Bado moja! Na samahani, toka dirishani kidogo, kivuli chako kinauangukia ukuta ninaouchora!"

Ersilia akarudi nyuma hatua moja, mpaka ndani kwenye giza la chumba chake, ambako aliwaona wao na wao hawakumwona. Kamba bado ilikuwa mkononi. Shuka lilijaa upepo, likatulia.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, uliyewahi kumpenda mtu ukamwona akilishwa na mkono mwingine: ungekuwa wewe umesimama pale na ile kamba, ungeivuta?